Mwezi mpevu hauoneshi kasoko: jibu kwa mwalimu wa Tanga

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Tanga. Shule yetu ilipewa msaada wa darubini ya kioo. Kioo kikuu kina upana wa mm 130, na ubavuni imeandikwa F 900. Ilikuja na lenzi mbili za kuchungulia, ya mm 25 na ya mm 10, na stendi yenye vyuma vingi na uzito wa kusawazisha ambao sijauelewa. Miezi mitatu mfululizo nimewaita wanafunzi usiku wa mwezi mpevu, nikashikilia simu kwenye lenzi, na kila mara nimetoka na sahani nyeupe. Mabaka tunayaona, lakini kasoko na milima niliyowaahidi haipo. Tatizo ni simu? Tuchange tununue kamera? Na kuna kijana ananiuliza kila siku kama tutaiona bendera ya Wamarekani.

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi. Nianze na la fedha, ili msije mkaanza kuchangishana kabla ya wakati: darubini yenu ni nzima na simu yako inatosha. Mlichokosea ni usiku. Mmekuwa mkitoka nje katika usiku ule ambao mwezi hauna kivuli cha kuwaonesha, na picha ya kasoko, ukiichunguza vizuri, ni picha ya kivuli.

Fikiria uwanja wa mpira wa shule saa sita mchana. Jua liko utosini, uwanja unaonekana bapa, na mtu anaweza kuapa kwamba hauna shimo hata moja. Rudi pale pale saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limelala: kila kichuguu kina mkia mweusi, alama za njumu zimejichora, hata kokoto ndogo inajulikana ilipo. Uwanja ni ule ule. Mwezi nao ni hivyo hivyo. Ukiwa mpevu, jua linaupiga kutoka upande ule ule tunaoutazamia sisi, kwa hiyo kila mlima umekificha kivuli chake mgongoni. Kinachobaki ni tofauti ya rangi tu: yale mabaka ya kijivu, ambayo ni nyanda za lava ya kale iliyoganda, na miale myeupe inayotawanyika kutoka kasoko ya Tycho upande wa kusini.

Halafu kuna mwangaza wenyewe. Mtu hudhani mwezi mpevu unang'aa mara mbili ya nusu mwezi, kwa kuwa eneo lenye nuru ni mara mbili. Kumbe unang'aa karibu mara kumi. Nusu mwezi umejaa vivuli vidogo vidogo, vya mawe na hata vya chembe za vumbi, na vyote hivyo hupotea mwezi unapojaa. Simu yako nayo inaona duara dogo lenye nuru katikati ya weusi mwingi, inadhani picha nzima ni ya gizani, inaongeza mwanga ili huo weusi upate kuonekana, na duara linaungua. Ile sahani nyeupe yako ilitoka hapo.

Nikuoneshe kwa hesabu jinsi kivuli kinavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye siri yote. Kioo cha mm 130, hewa ikiwa imetulia kabisa, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu sekunde 0.9 za tao, yaani robo ya sehemu ya elfu moja ya digrii. Kwa umbali wa mwezi, ambao kwa wastani ni km 384,400, hiyo ni sawa na km 1.7 hivi. Sasa chukua Rupes Recta, ule mteremko ulionyooka kama uliopigwa kwa rula katika Mare Nubium, mojawapo ya yale mabaka ya lava. Una urefu wa km 110 hivi, lakini kimo chake ni kama mita 300 tu. Mita 300 kwa darubini yenu haipo kabisa. Lakini jua likiwa limepanda digrii 5 juu ya upeo wa macho wa pale, mteremko huo hulaza kivuli cha karibu km 3.4, mara mbili ya kile ambacho kioo chenu kinaweza kukitenganisha. Mtauona kama mstari wa kalamu nyeusi. Siku tatu baadaye jua limepanda sana, kivuli hakifiki hata nusu kilomita, na mteremko umefutika ingawa hakuna aliyeugusa.

Kwa hiyo mahali pa kuelekeza darubini ni kwenye mpaka wa nuru na giza, mahali ambapo jua la mwezini linachomoza au linazama. Mpaka huo hausimami. Kwenye ikweta ya mwezi unatembea karibu km 15 kwa saa, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila haraka. Usiku hadi usiku unasogea digrii 12 hivi, na kila usiku unafunua nchi mpya.

Kuujua usiku hakuhitaji programu yoyote, hasa kwenu Tanga ambako kila mtaa una mtu anayejua mwezi umeandama lini. Hesabu usiku kuanzia mwandamo ulioonekana kwenu: jioni ile mwezi ulipoonekana ndiyo usiku wa kwanza. Usiku wa tano au wa sita utakuta kasoko tatu zilizoshikana, Theophilus, Cyrillus na Catharina, na Theophilus peke yake ina upana wa km 100. Usiku wa saba au wa nane mwezi ni nusu, na huo ndio ninaotaka muanze nao. Katikati kabisa ya mwezi mtaona kasoko kubwa tatu zimejipanga kutoka kaskazini kwenda kusini, Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel, na upande wa kaskazini safu ya milima ya Apenini inachomoza kutoka gizani kama meno ya msumeno. Rupes Recta inatoka usiku wa nane. Clavius, kasoko ya zaidi ya km 220 yenye mnyororo wa kasoko ndogo ndani yake, inakuja usiku wa nane au wa tisa. Usiku wa kumi tafuta Sinus Iridum, ghuba ya nusu duara ambayo milima yake hushika nuru kabla ya sakafu, ikatokeza kama mpini wa dhahabu ndani ya giza. Mwezi huyumba kidogo ukitazamwa kutoka kwetu, kwa hiyo saa zenyewe hubadilika mwezi hadi mwezi. Usiku mmoja mbele au nyuma ni kawaida.

Copernicus nimeiacha makusudi ili niiseme peke yake. Ni ya usiku wa tisa, na kama ningeambiwa nichague kasoko moja tu ya kuwaonesha watoto, ningechagua hiyo. Upana wake ni km 93. Ngorongoro, ambayo wanafunzi wako wanaijua kwenye ramani, ina upana wa km 20 hivi, kwa hiyo zingeingia nne kwa mstari na nafasi ikabaki. Ukuta wake umeshuka karibu km 3.8 hadi sakafuni. Kuna usiku niliianza saa moja, nuru ikiwa imefika nusu ya ukuta wa magharibi, nayo inashuka ngazi kwa ngazi, maana ule ukuta umeporomoka zamani ukafanya matuta kama ya shamba la milimani. Sakafu yote ilikuwa wino. Nilikuwa napiga video fupi kila robo saa. Kabla ya saa nne, katikati ya ule wino kikatokea kitone kimoja cha nuru, kidogo kuliko ncha ya pini, na baada ya muda kingine kando yake. Vilikuwa vilele vya katikati ya kasoko, vimepigwa na jua la asubuhi wakati bonde lote linalovizunguka bado ni usiku. Nimeirudia kasoko hiyo mara nyingi tangu hapo, na bado nikikiona kile kitone nasahau kupumua.

Sasa saa ya kutoka nje. Nusu mwezi ya kwanza huwa juu kabisa wakati jua linapozama, na kuelekea saa sita usiku inazama. Watu husubiri giza liingie vizuri, wale chakula, watoke saa tatu, na hapo mwezi umeshateremka na picha zinapigwa kupitia hewa nene ya chini. Usisubiri. Mwezi hauhitaji giza. Saa kumi na mbili na nusu, anga likiwa bado la samawati, unaweza kuanza kazi, na ni saa inayowafaa wanafunzi pia, maana wazazi hawatalalamika.

Tena hapo mna bahati ambayo wapiga picha wengi wa Ulaya hawana. Tanga iko digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi ukipita katikati ya anga yenu haushuki chini ya digrii 55, hata katika miaka yake mibaya. London, katika miaka hiyo hiyo, unaweza kupita digrii 10 tu juu ya mapaa. Hewa mnayopigia nyinyi ni nyembamba zaidi, na hewa ndiyo adui mkubwa wa kazi hii.

Ila eneo hilo hilo la ikweta ndilo linalokusumbua kwenye ile stendi. Ni stendi ya ikweta: mhimili wake mmoja unatakiwa uelekee kwenye ncha ya anga, pale ambapo anga lote huonekana kuzunguka, ili kuzungusha kifundo kimoja tu kutoshe kuufuata mwezi. Kwa aliye Ulaya ncha hiyo iko juu sana. Kwenu iko kusini, digrii 5 tu juu ya upeo wa macho, maana yake mhimili uwe karibu umelala. Stendi nyingi ndogo hazikuundwa kwa ajili hiyo. Ukizilazimisha, ule uzito unagonga mguu. Msihangaike nayo. Angalia kipimo cha digrii ubavuni mwa stendi, na kama kinafika 90, inua mhimili usimame wima. Kuanzia hapo kifundo kimoja kitaipeleka darubini kushoto na kulia, kingine juu na chini, na mtoto yeyote ataielewa. Video zenu zitakuwa za sekunde chache, kwa hiyo mwezi ukisogea kidogo wakati wa kupiga hakuna hasara. Uache upite. Mkimaliza kuisimamisha, ning'iniza kiroba cha mchanga katikati ya miguu mitatu. Mtetemo utapungua kuliko unavyodhani.

Kabla ya picha, kagua kama vioo viwili, kile kikuu na kile kidogo cha mbele, vimelingana. Elekeza darubini kwenye nyota angavu, iweke katikati, kisha vuruga fokasi kidogo. Utaona duara lenye kivuli cha kioo kidogo ndani yake. Kama kivuli kiko katikati, endelea na kazi. Kama kimesogea upande mmoja, zungusha skrubu za nyuma ya kioo kikuu, taratibu sana, robo mzunguko kwa wakati, huku mwenzako akichungulia na kukuambia. Kwa darubini ya F 900, yaani yenye urefu wa fokasi wa mm 900, na kioo cha mm 130, kosa dogo husamehewa, lakini kosa kubwa hufifisha kila kitu na hakuna programu itakayolirekebisha.

Simu usiishike kwa mkono. Kama kuna kitu cha kununua, ni kishikio cha simu kinachobana lenzi ya kuchungulia. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kamera, na ndicho kitakachokubadilishia picha. Weka kwanza lenzi ya mm 25, inayokuza mara 36 (900 gawanya kwa 25), ambayo mwezi wote unaingia. Sogeza simu hadi duara la nuru likae katikati ya kioo cha simu bila ukungu mweusi pembeni. Kama simu ina kamera tatu, ziba moja moja kwa kidole ujue ipi inafanya kazi, na utumie ile ya kawaida. Usivute picha kwa vidole viwili, maana hapo unakuza pikseli tu. Ukishazoea, weka mm 10, ukuzaji unakuwa mara 90, na sasa umeingia ndani ya mkoa mmoja wa mwezi.

Fokasi ndiyo inayowashinda wengi, na mimi ilinishinda miaka. Kifundo cha kufokasi ni kidogo, ukikigusa picha inatikisika, unashindwa kujua kama ulikuwa umefika. Chukua kibanio cha kuanikia nguo, cha mbao au cha plastiki, kibane kwenye kifundo. Sasa una mkono mrefu wa kusukuma kwa ncha ya kidole, milimita moja moja. Tazama kivuli ndani ya kasoko iliyo mpakani, usitazame ukingo wa mwezi. Pita kidogo ile sehemu kali mpaka ianze kufifia, kisha rudi. Ondoa mkono, subiri sekunde tatu picha itulie, ndipo uhukumu. Fanya hivyo tena kila baada ya nusu saa.

Mwanga wa picha uuchague wewe, usiiachie simu. Simu nyingi sasa zina sehemu ya kuchagua mwenyewe, mara nyingi imeandikwa Pro. Weka ISO (wepesi wa simu kuhisi nuru) 100, au ndogo kuliko zote ulizonazo, na shata (muda wa kupokea nuru) sekunde 1/125, kisha ongeza kasi hadi pale panapong'aa zaidi pasiwe peupe tupu. Kama simu haina sehemu hiyo, gusa mwezi kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole hapo hapo mpaka fokasi na mwanga vifungwe, halafu vuta ile alama ya jua chini. Upande wa mpakani utaonekana wa giza kupita kiasi. Usiogope, giza huinuliwa baadaye, lakini weupe uliokwisha ungua haurudi.

Na kuna jambo moja nakuomba ulizingatie sana. Baadhi ya simu za siku hizi zikitambua kwamba unachopiga ni mwezi, huongeza makali na undani kwa akili bandia. Zima kila kitu cha namna hiyo. Wanafunzi wanapaswa kupata nuru iliyogonga kioo cha shule yao jioni ile, ikiwa na ukungu wake na kasoro zake. Kasoko iliyochorwa na simu haina kivuli cha kupima, na nitakuonesha hapa chini kwamba kupima ndiko kunakonoga.

Piga video, usipige picha moja. Hewa iliyo kati yetu na mwezi inachezacheza muda wote, kama ukitazama kokoto chini ya maji ya kijito. Katika kila sekunde kuna vipande vichache ambavyo hutulia. Video ya dakika moja yenye fremu, yaani picha mojamoja, 30 kwa sekunde inakupa fremu 1,800, na kazi yako ni kutafuta zile mia mbili nzuri. Kuna programu za bure za kompyuta zinazoifanya. PIPP huigeuza video ya simu iwe ya aina inayosomeka. AutoStakkert huzipanga fremu kutoka nzuri hadi mbaya, huzilinganisha kipande kwa kipande, kisha huzirundika zile bora ziwe picha moja. RegiStax huitia makali. Ukirundika fremu 200, chengachenga za picha hupungua mara 14 hivi, na ndiyo maana picha laini iliyorundikwa inavumilia kutiwa makali wakati picha moja ya simu ingechanika.

Anza kwa kuchagua asilimia 10 ya fremu. Ukifika kwenye makali, sogeza vile vitelezi polepole na usimame mapema. Dalili ya kuzidisha ni mstari mweupe kama wa chaki kuzunguka kila kasoko, na sakafu laini za lava kuanza kuwa na mabonge. Mimi hufanya hivi: nikifika pale ninapoona pamependeza, narudi nyuma theluthi, nahifadhi, na naitazama tena kesho yake asubuhi.

Hewa yenyewe huwezi kuibadilisha, lakini unaweza kuchagua mahali pa kusimama. Mabati na sakafu za saruji hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Usiweke darubini kwenye uwanja wa saruji wa shule wala usipige juu ya paa la madarasa. Nenda katikati ya nyasi. Itoe darubini stoo nusu saa au zaidi kabla ya kazi ili kioo kipoe sawa na hewa ya nje. Ukichungulia ukaona ukingo wa mwezi unachemka kama uji, subiri au ahirisha. Ukiona ukingo umesimama kama umekatwa kwa mkasi, acha kila kitu na upige. Nusu mwezi ya mwisho, inayokuwa juu alfajiri, hunipa hewa tulivu kuliko zote kwa sababu ardhi imepoa usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri wanafunzi hawatakuja, lakini wewe nenda, ukaone milima ile ile ikilaza vivuli upande wa pili. Rupes Recta saa hizo haiwi mstari mweusi. Inakuwa mweupe, kwa sababu uso wa mteremko sasa umelielekea jua.

Ukizilinganisha picha zenu na ramani, kumbuka darubini ya vioo viwili inageuza juu kuwa chini, lakini haibadilishi kushoto na kulia kama kioo cha kujitazamia. Zungusha picha tu mpaka ikubaliane na ramani. Virtual Moon Atlas ni programu ya bure ya kompyuta, inakuonesha mpaka wa nuru uko wapi kwa saa yoyote na jina la kila kasoko.

Sasa somo lenyewe, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa jiografia. Mwaka 1609 Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliona vitone vya nuru ndani ya upande wa giza, mbali kidogo na mpaka, akaelewa kwamba ni vilele vinavyopata jua kabla ya mabonde. Kutoka kwenye umbali huo akakokotoa kimo, na mwaka uliofuata akachapisha. Wanafunzi wako wanaweza kufanya hesabu ile ile kwa picha yao wenyewe ya nusu mwezi. Pima kwa rula kipenyo cha mwezi kwenye picha. Hicho ni km 3,474. Pima umbali kutoka mpaka wa nuru hadi kitone, ukienda moja kwa moja ndani ya giza, ukaugeuze kuwa kilomita. Zidisha umbali huo kwa wenyewe, kisha gawanya kwa 3,474. Kitone kikiwa km 100 ndani ya giza, ni 10,000 gawanya kwa 3,474, yaani mlima wa angalau km 2.9. Ni Pythagoras tu, na mwalimu wa hisabati atafurahi kukusaidia kuonesha inatoka wapi. Wafanye hivyo kwa Apenini, ambayo vilele vyake virefu vinapita km 5, na waone wamekaribia kiasi gani.

Kuhusu kamera: ngojeni mwaka. Mkiwa mmepiga nusu mwezi mara kumi na mnajua hewa nzuri ikoje, nunueni kamera ndogo ya sayari inayochomekwa kwenye kompyuta, pamoja na lenzi ya Barlow ya mara mbili, ile inayorefusha fokasi ya darubini mara mbili. Kamera zenye pikseli za mikroni 2.9 zinaikubali sana darubini yenu, kwa sababu kwa Barlow urefu wa fokasi unakuwa mm 1,800, karibu mara 14 ya upana wa kioo, na kanuni tunayoifuata ni namba hiyo iwe kama mara tano ya ukubwa wa pikseli kwa mikroni. Msikubali kuuziwa kamera kubwa ya kubadilisha lenzi kwa kazi hii. Kwenye darubini nyingi za aina yenu haifiki hata kwenye fokasi bila Barlow.

Na huyo kijana wa bendera umwambie hataiona, na umwoneshe kwa nini. Sehemu ya chini ya chombo cha Apollo, kilichowapeleka Wamarekani mwezini, iliyobaki pale, na miguu yake ikiwa imetanuliwa, ina upana wa mita 9 hivi. Kioo chenu kinaishia km 1.7. Hata kukifanya chombo hicho kiwe kitone tu mngehitaji kioo cha mita 25, na hewa isiwepo. Lakini mahali anaweza kupaona. Usiku wa saba au wa nane, fuata Apenini hadi karibu na ncha yake ya kaskazini, mahali milima inaposhuka kwenye uwanda wa Mare Imbrium. Pale kwenye mguu wa milima, kando ya ufa wa Hadley, ndipo Apollo 15 ilipotua Julai 1971. Akipiga video ya dakika moja hapo na kuirundika vizuri, niletee faili yenyewe kabla hujaitia makali, nami nitamchorea alama mahali hasa waliposimama.